Mkono wa Bi Vuguvugu

Siku hizi mashine ya boti ikitaka kuungua hupiga kelele. Wameiwekea king'ora ndani, na mwendeshaji hukaa amejinyoosha, simu mkononi, akingoja kupigiwa kelele kama mtoto asiyeamka mpaka aitwe. Wakati huo mashine imeshameza moto, lakini yeye hana wasiwasi: kama ni moto, itasema. Sisi tuliovuka mto huu maji yakiwa bado maangavu hatukungoja mashine iseme. Tulikuwa na mkono wa mwanamke mmoja.

Alikuwa mwendesha boti kwenye kivuko chetu, hapa mto unapopanuka na kuanza kuonja chumvi ya bahari. Alikuwa na mabega mapana ya mtu aliyevuta kamba ya mashine miaka mingi, na sauti ya kuita mtu ng'ambo bila kuinuka. Kila mtu alimwita Bi Vuguvugu. Hata mkwewe alimwita hivyo, na barua za serikali zikija kwa jina lake la kuzaliwa, mleta barua alizunguka mtaa mzima akiuliza ni nani huyo.

Mashine ya boti haina rejeta kama gari. Inajipoza kwa maji yaleyale ambayo boti huelea juu yake. Kwenye mguu wake, chini ya maji, pana kichujio. Raba ya pampu huyavuta maji hapo na kuyapandisha yazunguke chuma chenye moto, kisha machache kati yake hurushwa nje kwa nyuma kupitia kitundu kidogo, mchirizi kama wa mtoto wa kiume anayeshindana na wenzake nyuma ya ukuta. Tuliuita mkojo, hata mbele ya wakwe. Mkojo ukikatika, ujue mashine haipati maji. Na ukitoka huku unaunguza, ujue inapata lakini hayaitoshi.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga, Bi Vuguvugu aliwasha mashine, akaiacha ingurume kidogo, kisha akaupitisha mkono wake wa kulia kwenye ule mchirizi kama mtu anayenawa. Boti nzima ilinyamaza. Wenye maneno waliyakatiza katikati. Yeye aliinua uso, akasema, "Vuguvugu. Twende." Hapo ndipo watu waliketi sawasawa na mazungumzo yakaendelea yalipoishia. Sijawahi kumwona mtu akipanda boti ile na kulalamika kwamba tunacheleweshwa na kunawa. Lakini wakati huo watu walikuwa na haraka ya kufika, si haraka ya kuondoka.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine hizohizo mpaka mgongo ulipomkatalia kuinama botini. Tangu hapo alikaa nyumbani, na kazi yake ikawa ya jioni. Mkewe alirudi na mashine kwenye toroli, yeye akaitumbukiza mguu ndani ya pipa la maji baridi uani, akaiwasha, ili yale maji yaoshe chumvi na matope kwenye mishipa yake. Majirani walilalamika kelele. Aliwajibu kwamba mashine, kama mtu, ikitoka kazini lazima ioge, na asiyependa ahamie kwa wasiooga. Mkewe alimwita Fundi. Yeye alimwita Nahodha, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea tu.

Maisha yao yangeendelea hivyo kama mto ungebaki mto. Ukaja wakati wa mifuko ya nailoni. Kila anayenunua hata pilipili moja hupewa mfuko, na kila mfuko hatimaye huja kuishi na sisi majini. Kichujio cha mashine hakina ugomvi na majani, yana mishipa, hupitisha maji kidogo. Nailoni hubandika kama ngozi. Zikaja pia boti nyekundu zenye mashine mpya za king'ora, na abiria wakawa wanasimama gatini kulinganisha mikojo kama wanunuzi wa ng'ombe. Mashine inayorusha mbali ndiyo waliyoipanda. Hakuna aliyejishughulisha kugusa. Macho yalitosha.

Na ndipo mkono wa Bi Vuguvugu ulipoanza kufa ganzi.

Ulianzia kwenye ncha za vidole. Aliangusha sindano, asijue kama imemtoka. Siku moja aliipua sufuria jikoni bila kitambaa, akashangaa kuona malengelenge. Zahanati walimwambia ni kisukari kimegusa mishipa ya fahamu, wakampa vidonge na orodha ya vyakula vya kuogopa. Vidonge alivimeza. Habari ya mkono hakumwambia mtu, hata Fundi. Alijua dunia ilivyo siku hizi: ukisema kiungo kimoja kimechoka, wanakutupa mzima. Nani angepanda boti ya Bi Vuguvugu asiyelijua vuguvugu? Na akikosa kiti kile cha nyuma, angekuwa nani? Kwa hiyo kila asubuhi alinawa kama kawaida, hakusikia kitu, akautazama mchirizi unavyokwenda mbali, akasema neno lake. Hayo alinieleza mwenyewe baadaye. Sisi hatukuona tofauti yoyote. Sauti ilikuwa ileile.

Asubuhi ninayoisimulia nilikuwa nimekaa katikati. Nyuma yangu, karibu na mashine, alikaa mshona viatu wa sokoni na sanduku lake la vifaa. Mbele alikaa mama kijana mwenye mtoto mchanga kifuani, anayevuka kila siku kumpeleka kwa bibi yake kabla ya kwenda kazini. Tulikuwa na wengine pia, wote macho kwenye simu. Bi Vuguvugu akanawa, akasema, tukaondoka. Mkojo wa mashine siku hiyo ulikwenda mbali kweli, mbali kuliko siku zote, na nakumbuka mshona viatu alisema, "Leo imeamka na nguvu, imekula nini?"

Tulipofika katikati ya mto, yuleyule mshona viatu akauning'iniza mkono nje kama watu wanavyofanya safari ikinoga. Mara akaruka.

"Yalaa! Bi Vuguvugu, haya si maji, ni chai! Imebaki sukari tu!"

"Acha masihara, wewe."

"Masihara na ngozi yangu? Tazama!"

Akamwonyesha mkono. Ulikuwa mwekundu. Bi Vuguvugu akageuka kuutazama mchirizi. Ulikuwa unakwenda mbali vilevile, safi, kama wa mashine iliyotoka dukani. Niliona uso wake ukisitasita kati ya macho yake na mkono wa mwenzake. Kisha harufu ikatufikia, ile ya rangi inayopata moto, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Akatoa gia, akasikiliza kidogo, akazima.

Boti ikizima katikati ya mto, ndipo unapogundua maji yanakwenda kasi gani. Upande mto unakoshuka, si mbali, zilisimama nguzo za lile daraja la zamani lililokwenda na mafuriko, na mkondo wote unapita katikati yake ukifoka.

"Nanga!" akasema. Mshona viatu akaitupa. Ikaburuta, ikashika, ikaburuta tena, ikashika. Kisha mshona viatu akadaka kopo la kukombea maji, akalijaza, akaielekea mashine.

"Nimwagie?"

"Thubutu! Sufuria iliyokaukia motoni ukiitia maji ya baridi inafanyaje?"

"Inalia."

"Hii hailii, inapasuka. Weka kopo, keti."

Hata katika saa ile mtu alicheka, nadhani ni mimi. Bi Vuguvugu akaiinua mashine mguu ukatoka majini, akainama, akapapasa kichujio huku na huku. Maji ya mto wetu siku hizi ni rangi ya chai ya maziwa, na mguu ulikuwa unatiririka matope, macho hayasaidii.

"Pasafi," akasema.

Tulingoja chuma kipoe. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kungoja huku nanga inasogea hatua ndogondogo kama mgeni anayetaka kuaga. Akaishusha, akavuta kamba. Mashine ikawaka, mkojo ukaruka mbali. Mshona viatu akatia kidole na kukitoa upesi.

"Bado inaunguza, dada."

Akazima. Akainua tena, akapapasa tena, safari hii muda mrefu, vidole vikipita vikirudi. "Pasafi," akasema, lakini taratibu.

Yule mama wa mtoto hakuwa na simu mkononi tena. "Mama, kama pasafi, mbona ni moto?"

Bi Vuguvugu akarudisha vidole kwenye kichujio. Nguzo zilikuwa zimekaribia kiasi cha kuona mimea iliyoota kwenye nyufa zake. Mshona viatu akasema, si kwa utani sasa, "Dada, unatoka damu."

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimechanwa na bawa la propela, na damu ilikuwa ikidondoka kwenye ubao. Yeye alikitazama kama mtu anayetazama kidole cha jirani. Alikuwa hana habari nacho. Nami nikaona anavyoona kwamba sisi tumeona.

Angeweza kusema amezoea. Angeweza kusema ni kidonda kidogo. Nimeishi na watu wazima wenye vyeo waliosema hivyo katika mambo makubwa zaidi. Yeye alikaa chini kwenye kiti chake, akaupakata ule mkono.

"Huu mkono hausikii," akasema. "Una muda sasa. Sisikii moto, sisikii baridi, sisikii hata kinachonikata. Njoo wewe upapase."

Mshona viatu anaishi kwa vidole. Alipita juu ya sanduku lake, akalala kifudifudi kwenye ubao wa nyuma, akatia mkono. Hakuchelewa. "Kuna kitu," akasema. "Chepesi. Kama ngozi ya kitunguu." Akaanza kukibandua kwa kucha, polepole kama anavyotoa soli kuukuu, akakiinua juu: kipande cha nailoni nyeupe, nyembamba, unaona ng'ambo yake. Ukiwa na vidole hai ungekijua. Kwa macho, hata mimi nisingekijua.

"Kwa hiyo pale gatini," akasema mama wa mtoto, "uliposema vuguvugu..."

"Nilisema."

"Ulijuaje?"

"Sikujua."

Bi Vuguvugu akaishusha mashine majini. Akavuta kamba. Mshona viatu akatia mkono wake mwingine, ule mzima, akawa anatutangazia kama mtu wa redio: "Moto. Moto bado. Inashuka kidogo. Inashuka. Aaa, hapo sasa. Hapo ningemwogesha mtu." Wengine wakapumua kwa sauti, mmoja akapiga makofi. Nanga ikapandishwa, na nguzo za daraja zikaanza kurudi nyuma zilikotoka.

Tukienda mwendo wa mzee, yule mshona viatu, ambaye sasa alikuwa amejifanya daktari, akainama kukichungulia kitundu cha mkojo. "Na hiki nini?" Akachomoa kwa ncha ya msumari kijibomba chembamba, kile cha ncha ya kalamu ya wino, kilichokuwa kimesokomezwa mle ndani. Papo hapo mkojo ukaacha kuruka. Ukashuka, ukawa mnene na wa karibu, kama ulivyokuwa miaka yote.

"Kumbe!" akasema. "Mashine ilivishwa viatu virefu."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya kuamka nayo. Ukiubana mdomo wa mpira wa maji, maji machache huruka mbali kuliko maji mengi. Kichujio kilizibwa, maji yakapungua, lakini hayo machache yalirushwa mbali na ile kalamu, na Bi Vuguvugu, aliyebakiwa na macho tu, akadanganywa na macho.

Tulifika. Mama wa mtoto alishuka wa kwanza. "Kesho napanda yenye king'ora," akasema bila kugeuka, na sikumlaumu, ingawa nilitaka.

Jioni nilimsaidia Bi Vuguvugu kubeba tangi la mafuta mpaka kwao. Fundi alikuwa ameketi uani kando ya pipa. Kwanza hakuambiwa la mkono. Aliambiwa tu mashine imepata moto, akasahau mgongo wake. Alivua kofia ya mashine, akafungua, akainusa, akaiangalia gasketi kwenye mwanga, akapitisha kidole pale ambapo chuma hujipinda kikiungua. Mkewe alifuata kila kidole chake kwa macho. Ilikuwa ndiyo mashine pekee, na watu kama wale hawanunui nyingine.

"Haijaungua," akasema Fundi mwishowe. "Imeshtuka tu. Raba ya pampu imechoka, ninayo nyingine."

Hapo ndipo mkewe alipoketi, akaiweka ile ncha ya kalamu juu ya kigoda. "Na hiki, Fundi?"

Akakitazama. Hakukana. "Mimi. Juzi, ulipokuwa umelala."

"Kwa nini?"

"Watu wanakimbilia boti nyekundu. Wanataka mkojo unaoruka. Nikasema tuyape macho yao wanachotaka. Ungekuwa na hatari gani? Mkono wako si upo? Mkono wako haudanganyiki kwa kalamu."

Bi Vuguvugu alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. "Mkono gani, Fundi?" Akamnyooshea kidole kilichofungwa kitambaa, akamwambia yote: sindano, sufuria, zahanati, kila asubuhi anavyonawa bila kusikia. "Nikasema mradi mkojo unakwenda mbali, macho yatanisaidia."

Mzee aliiokota ile ncha ya kalamu, akaigeuza kiganjani. "Yaani wewe uliutegemea mkojo, mimi nikautegemea mkono."

"Ndiyo."

"Tumegombana maisha yetu yote bila kuuana, leo tulitaka kuuana bila kugombana." Akatikisa kichwa. "Mficha maradhi..."

"Usinimalizie. Naijua inavyoisha."

"Ulifikiri nitakwambia ukae nyumbani."

"Si ungesema?"

"Ningesema," akakiri. "Halafu ungebisha, halafu ungekwenda. Lakini ningekuwa najua." Akajiinua kwa kushika pipa. "Lete beseni. Na birika."

"Beseni la nini?"

"Mashine ikikosa umeme mahali huitupi. Unafuata waya mpaka uone umeme unaishia wapi. Fumba macho."

"Mimi si mashine."

"Mashine ingeshasema zamani. Fumba."

Akachanganya maji ya birika na ya pipa, akachovya kitambaa, akaanza kwenye ncha za vidole vyake. "Hapa?" Hakuna. "Hapa?" Hakuna. Kiganjani, hakuna. Kwenye kifundo akasema labda. Fundi alikuwa anapanda taratibu, na mimi nikimfuata na birika. Chini kidogo ya kiwiko akasema, "Kuna kitu." Kwenye kiwiko chenyewe akauvuta mkono kwa nguvu.

"Moto! Unataka kunichuna?"

"Kweli?"

"Moto kabisa. Ongeza ya baridi." Akatia kiwiko ndani ya beseni, macho bado yamefumbwa. "Ongeza. Ongeza tena. Basi. Hapo." Akafumbua macho. "Yarabi, mimi mjinga. Watoto wangu wote niliwapimia maji ya kuoga kwa kiwiko hikihiki. Kiganja cha mpika jikoni kinadanganya, mama yangu alinifundisha hivyo. Nimekaa miezi nalia kimoyomoyo, na kiwiko kipo!"

"Kuvunjika kwa koleo," akasema Fundi.

"Hiyo pia naijua."

Sijamwona mtu akinyanyuka mwepesi vile. Alijipikia uji, akanywa, akamkaripia mumewe kwa ile kalamu, sasa kwa moyo wote, maana alikuwa na nafasi ya kukasirika. Fundi alipokea makaripio kama mvua iliyochelewa.

Asubuhi iliyofuata hakuungoja umbea. Abiria walipokuwa wamejaa gatini, alisimama botini akawaambia kwa sauti ile ya kuvuka mto: mkono wake umekufa ganzi, jana uliwaponza watu, ile ncha ya kalamu haipo tena, na mkojo wa mashine yake utakuwa mfupi kama ulivyokuwa tangu zamani. Asiyetaka, boti nyekundu ziko pale, hana kinyongo. Kisha akawasha, akaingoja ipate joto lake, akakunja mkono wa gauni, akainama na kutia kiwiko kwenye mchirizi. Ni mkao usio na heshima hata kidogo. Kijana mmoja wa boti nyekundu akapaza sauti, "Bibi, unaogelea au unaendesha?" Kiwiko chake kilibaki palepale. Alikuwa anasikiliza.

Wengine waliondoka. Siwezi kudanganya, watu kadhaa walikwenda kwenye king'ora. Mshona viatu alipanda. Nami nikapanda. Yule mama wa mtoto alikuja amechelewa kidogo, akasimama kwenye ukingo wa gati katikati ya boti mbili, mtoto amelala begani. Akakitazama kile kiwiko kilichokuwa kinadondosha maji.

"Hivyo ndivyo ninavyompimia huyu," akasema.

"Sasa unangoja nini?" akasema Bi Vuguvugu. "Njoo upime mwenyewe, usije kesho ukasema ulidanganywa tena."

Mama akampa mshona viatu mtoto amshikie. Akapita katikati yetu mpaka nyuma, akajikunja, akatia kiwiko chake chembamba kwenye mkojo wa mashine. Alikaa pale kidogo, uso umetulia. Kisha akajifuta kwa kanga, akarudi kumchukua mtoto, na akaketi.